Sam Spiegel, mkimbizi aliyeleta Hollywood kwenye mto Ruiki

Mwaka wa 1951, wakaaji wa kandokando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, waliona Wazungu wakishuka na kamera, mataa na masanduku mengi. Walikuja kupiga sinema ya The African Queen. Mtu aliyetafuta pesa za kazi hiyo aliitwa Sam Spiegel, na wakati huo hakuwa na pesa zake mwenyewe.

Spiegel alizaliwa mwaka wa 1901 katika mji wa Jarosław, ambao leo uko Poland, ndani ya familia ya Kiyahudi. Ndugu yake Shalom alikuwa mwanachuoni mkubwa wa fasihi ya Kiebrania. Sam alipenda njia nyingine. Alipita Palestina, akafika Marekani, na huko akatupwa gerezani kwa habari ya sheki isiyokuwa na pesa, kisha akafukuzwa nchini. Akaanza kazi ya sinema Berlin, lakini mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala na Spiegel akakimbia. Mwaka wa 1936 Waingereza nao walimfunga kwa mambo ya udanganyifu wa pesa, wakamfukuza. Mwishoni mwa miaka hiyo alipitia Mexico, akaingia tena Marekani bila ruhusa.

Huko Hollywood alijificha nyuma ya jina la S. P. Eagle. Ukilisoma kwa haraka, ni Spiegel yuleyule. Watu walimcheka kwa jina hilo, lakini karamu zake walizijaza.

Pamoja na mwongozaji John Huston alianzisha kampuni ya Horizon, na hiyo ndiyo iliyowafikisha Kongo ya Wabelgiji. Sehemu ya pesa ilitoka London kwa John Woolf. Malipo ya nyota wa Kimarekani yalikuwa mzigo wa Spiegel, na kwa sehemu yaliahidiwa kutoka faida ambayo bado haikuwepo. Wakati yeye anahangaika na mabenki, kambi ya Ruiki ilikuwa inateseka. Siafu walivamia, mashua ikazama ikabidi itolewe majini, malaria na kuhara vikaangusha watu. Katharine Hepburn, aliyekunywa maji, aliugua sana. Huston na Humphrey Bogart, waliokunywa wiski, walibaki wazima. Kutoka hapo kundi likahamia Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison.

Ikumbukwe kwamba hadithi yenyewe, iliyoandikwa na C. S. Forester mwaka wa 1935, ilitokana na vita vya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na meli iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba ya Kigoma. Na Götzen mwenyewe ni yule Mjerumani aliyepanda Nyiragongo mwaka wa 1894, mlima ambao watu wa Goma wanauona kila wanapoamka.

Filamu ilifaulu sana, na Bogart akapata Oscar yake ya pekee. Huston alilalamika kwamba faida yake hakuiona inavyostahili, na ushirika wao ukavunjika. Wakongomani waliofanya kazi kambini, majina yao hayamo katika orodha ya filamu.

Baada ya hapo Spiegel alipanda haraka. On the Waterfront ya mwaka wa 1954 ilipata Oscar 8, na hapo akarudisha jina lake la kweli. The Bridge on the River Kwai, mwaka wa 1957, ilipata 7. Lawrence of Arabia, mwaka wa 1962, ikapata 7 pia. Zote tatu zilitangazwa filamu bora ya mwaka.

Lakini Kwai ina doa. Waandishi wake, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa wamepigwa marufuku Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti. Spiegel alitumia kazi yao, majina yao akayaacha nje. Oscar ya uandishi ikaenda kwa Mfaransa Pierre Boulle, mwenye kitabu, ambaye hakuiandika filamu hiyo. Mtu aliyeishi miaka mingi kwa jina la kuazima alikubali wengine wanyimwe yao. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka wa 1984, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki.

Filamu zake za baadaye, kama Nicholas and Alexandra na The Last Tycoon, hazikufikia zile tatu. Betrayal ya mwaka wa 1983 ilikuwa ya mwisho. Alifariki tarehe 31 Desemba 1985 kwenye kisiwa cha Saint Martin, katika bahari ya Karibi.

Mashua ya filamu, iliyojengwa Uingereza mwaka wa 1912 na kufanya kazi kwenye Ziwa Albert, iko Key Largo, Florida, inabeba watalii.