Pierre Bouguer, Mpimaji wa Mvuto Mlimani

Muhula huu tulipima mvuto wa dunia kwa pendulamu, yaani kipande cha chuma kinachopembea kwenye uzi. Jibu langu halikulingana na la kitabu, nikataka kulibadili kwa siri. Kumbe siku ile ile mwalimu alitusimulia habari za Pierre Bouguer, nikaona haya. Basi nawaandikia wenzangu maisha yake.

Bouguer alizaliwa mwaka 1698 huko Le Croisic, pwani ya Ufaransa. Baba yake alifundisha elimu ya usafiri wa baharini. Alipofariki mwaka 1714, Bouguer, naye kijana wa rika letu, alikabidhiwa kazi hiyo.

Mwaka 1735 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma pamoja na wenzake Amerika ya Kusini, katika nchi iitwayo leo Ekwado, ili wapime umbo la dunia karibu na ikweta. Walipata taabu nyingi: baridi kali milimani, tena ugomvi wao kwa wao. Hata hivyo Bouguer alipima kwa pendulamu pwani, kisha Quito, mji ulio meta 2,850 hivi juu ya bahari, na kisha juu ya mlima Pichincha.

Njia ya kwanza ya hesabu hutazama umbali tu: kadiri mtu apandavyo, huenda mbali na kiini cha dunia, na mvuto hupungua. Kwa njia hiyo, mvuto wa Quito ungepungua sehemu 9 hivi katika 10,000. Lakini pendulamu ilionyesha 7 na nusu tu. Bouguer hakuficha tofauti hiyo. Aliitafuta sababu, akaiona chini ya miguu yake: nyanda zile za juu nazo huvuta! Kwa hiyo njia ya pili hujumlisha mvuto wa mwamba ulio kati ya mpimaji na usawa wa bahari. Tena, kwa kuwa mwamba ule ulivuta kidogo sana, alitambua kuwa ndani ya dunia mna vitu vizito kuliko mawe ya milima.

Alirudi Paris mwaka 1744, akatoa kitabu chake mwaka 1749, akafariki mwaka 1758. Hata leo wapimaji wanaotafuta madini hutumia hesabu yenye jina lake.

Nami niliandika jibu langu kama lilivyokuwa. Tulipolichunguza, tukagundua kuwa niliupima uzi hadi kwenye fundo, badala ya katikati ya chuma. Kama ningalibadili jibu, nisingalijua kosa langu.