Chifu Albert Luthuli na Kijiji cha Groutville

Wanafunzi wengi wa shule yetu wanalijua jina la Chifu Albert John Luthuli kuwa ni la Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Walakini si wengi wajuao kwamba kila aliposafiri kwenda nchi za mbali, mwisho wa safari yake ulikuwa kijiji kile kile cha Groutville katika Natal, Afrika ya Kusini, penye nyumba yake, jamaa yake na shamba lake la miwa. Habari zake zafaa kusomwa na kila kijana anayetumaini kwenda kusoma ng'ambo.

Luthuli alizaliwa karibu mwaka 1898 katika misheni ya Solusi, karibu na Bulawayo, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Baba yake alikuwa akifanya kazi huko, akafariki mtoto angali mchanga. Mama yake, Mtonya, akarudi naye Natal. Kijana alikaa kwa ndugu wa baba yake, Martin Luthuli, aliyekuwa chifu wa Groutville, na huko akajifunza adabu na desturi za Wazulu. Mama alilima mboga na kufua nguo za watu ili mwanawe apate ada ya shule.

Kijana hakuusahau wema huo. Alipokwisha kuwa mwalimu alipewa nafasi ya kwenda Chuo cha Fort Hare kwa msaada wa fedha, naye akaikataa, kwa kuwa mama yake alikuwa amezeeka na alitaka kumtunza. Basi akafundisha katika Chuo cha Adams, kusini ya Durban, mpaka mwaka 1935. Mwaka 1927 alimwoa Nokukhanya Bhengu, naye pia mwalimu, wakajaliwa watoto saba. Nokukhanya alikaa Groutville, akalima na kulea watoto. Mikono ya mama huyu ndiyo iliyoushika mji ule miaka yote ambayo mumewe alikuwa safarini, mahakamani au kifungoni.

Wazee wa Groutville walimwomba Luthuli arudi awe chifu wao. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana mshahara wa chifu ulikuwa mdogo kuliko ule wa mwalimu wa Adams. Hata hivyo alikubali, na mwaka 1936 akaianza kazi hiyo. Alisikiliza mashauri ya watu, akaona jinsi ardhi ilivyokuwa haba, na akawaunganisha wakulima wadogo wa miwa katika chama chao, wapate kusema kwa sauti moja.

Safari yake kubwa ya kwanza ilikuwa mwaka 1938, alipokwenda India kwenye mkutano wa Wakristo uliofanyika Tambaram, karibu na Madras. Mwaka 1948 alikwenda Marekani, akazunguka akihutubia watu juu ya hali ya nchi yake. Safari zote mbili zilimpanua mawazo, na baada ya kila moja alirudi Groutville kwenye baraza lake. Lakini mwaka ule wa 1948 chama cha National kilitwaa serikali ya Afrika ya Kusini, kikaanza kuimarisha siasa ya ubaguzi iitwayo apartheid.

Mwaka 1952 Luthuli aliunga mkono kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi bila kutumia nguvu. Serikali ikamtaka achague moja, ama uchifu ama chama cha African National Congress. Hakukiacha chama, naye akaondolewa uchifu mwezi wa Novemba. Mwezi uliofuata alichaguliwa kuwa Rais wa chama hicho. Tangu siku hizo alipigwa marufuku mara kwa mara. Mwezi wa Desemba 1956 alikamatwa pamoja na wenzake, jumla yao watu 156, wakashtakiwa kwa uhaini. Mwaka mmoja baadaye mashtaka juu yake yalifutwa. Mwaka 1959 alifungiwa asitoke wilaya ya Lower Tugela kwa miaka mitano. Mwaka 1960, baada ya polisi kuwaua watu huko Sharpeville, aliichoma pasi yake hadharani.

Hata ikaja habari kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya mwaka 1960. Serikali ilimruhusu kwenda Norway kwa siku chache tu. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Tanganyika kupata uhuru, Luthuli alisimama mjini Oslo amevaa mavazi ya heshima ya Kizulu, akapokea tuzo mbele ya mfalme.

Hapo ndipo twaona ukubwa wa mtu huyu. Oliver Tambo, naibu wake, alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo mwaka 1960 kwa kazi ya chama, na kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Luthuli angaliweza kubaki Ulaya, akasema neno lolote pasipo kuzuiwa. Badala yake alipanda ndege akarudi kwao, akijua kwamba marufuku yanamngoja. Mwaka 1962 sheria mpya ilifanya iwe kosa kuyachapisha maneno yake. Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa Rector wao, lakini hakuweza kwenda. Sehemu ya fedha za tuzo ilinunua mashamba huko Swaziland kwa ajili ya wakimbizi, na Nokukhanya mwenyewe alikwenda kuyalima.

Mwaka 1964 marufuku yaliongezwa miaka mitano mingine. Luthuli alikaa Groutville, akilima na kusali pamoja na majirani zake. Tarehe 21 Julai 1967 alikutwa ameumia vibaya karibu na daraja la reli, njiani alikozoea kupita, akafariki siku ile. Uchunguzi wa mwaka ule ulisema aligongwa na gari moshi. Jamaa zake hawakuridhika, nao walingoja muda mrefu. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg iliamua kwamba kifo chake kilitokana na kupigwa, na kwamba polisi wa usalama walihusika.

Alizikwa Groutville kanisani kwao. Nokukhanya aliishi mpaka mwaka 1996, akauona uhuru wa nchi yao wa mwaka 1994. Tangu mwaka 2004 nyumba yao imekuwa jumba la makumbusho.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Luthuli hakuidharau elimu ya ng'ambo wala hakuogopa kusafiri. Aliona India, Marekani na Ulaya, na yale aliyoyapata huko akayapeleka kwa wakulima wa miwa waliomchagua. Wewe nawe, msomaji, utakapopata nafasi ya kwenda mbali, nenda ukasome kwa bidii. Kisha uwakumbuke waliokulipia ada.