Kirchhoff, mwanafunzi aliyehesabu vitanzi vya nyaya

GUSTAV Robert Kirchhoff anakumbukwa na wengi kwa kanuni mbili za umeme zinazobeba jina lake. Ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu aliyoitoa akiwa kijana wa miaka 23 inaeleza pia jinsi mitandao ya tarakilishi inavyoweza kuwa na njia za akiba bila kujisonga yenyewe.

Alizaliwa Machi 12, 1824 katika mji wa Königsberg, Prussia, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Babake alikuwa mwanasheria. Alisomea chuo kikuu cha mji huo chini ya Franz Neumann, na mwaka wa 1845, kabla hata ya kuhitimu, akachapisha kanuni zake. Ya kwanza yasema umeme unaoingia kwenye makutano ya nyaya ni sawa na unaotoka. Ya pili yasema ukizunguka kitanzi chochote hadi ulipoanzia, kupanda na kushuka kwa volteji hufutana.

Kanuni hii ya pili ilizua swali gumu. Nyaya zikiwa nyingi, vitanzi huwa vingi mno, na baadhi yavyo ni mchanganyiko tu wa vingine. Je, ni vingapi vya kuhesabiwa?

Kirchhoff alijibu mwaka wa 1847. Ondoa waya mmoja mmoja hadi pasisalie kitanzi hata kimoja, ilhali kila kituo kingali kimeunganishwa na vingine. Idadi ya nyaya zilizoondolewa ndiyo idadi ya vitanzi vya kushughulikiwa. Vituo vitano vyenye nyaya saba vinahitaji nyaya nne pekee. Tatu ni za ziada, na yoyote kati yazo ikirudishwa hufunga kitanzi kimoja. Umbo linalosalia lilikuja kuitwa mti, jina lililotolewa na Mwingereza Arthur Cayley mnamo 1857.

Mwaka wa 1850 Kirchhoff alihamia Breslau, alikokutana na mwanakemia Robert Bunsen, kisha Heidelberg mwaka wa 1854. Kwa kuchunguza mwanga wa vitu vinavyoungua, wawili hao waligundua elementi za sesiamu na rubidiamu. Sifa zao zilienea Ulaya nzima, na ile hesabu ya nyaya ikafunikwa.

Masaibu hayakumkosa. Ajali ilimlazimu kutegemea magongo na kiti cha magurudumu kwa muda mrefu. Mkewe Clara, bintiye mwalimu wake wa hisabati, aliaga mwaka wa 1869 na kumwachia watoto wa kulea. Mnamo 1875 alikubali kufundisha fizikia ya nadharia mjini Berlin, ambako alifariki Oktoba 17, 1887.

Karibu karne moja baadaye, mti ule ulipata kazi mpya. Wahenga walinena akiba haiozi, na ndiyo maana wahandisi huunganisha swichi za mtandao kwa njia zaidi ya moja, ili waya mmoja ukikatika kazi isikwame. Lakini njia ya ziada hufunga kitanzi. Ujumbe uliokusudiwa tarakilishi zote huzunguka humo bila kikomo, ukijizidisha hadi mtandao unazama.

Mwaka wa 1985 Radia Perlman, aliyefanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alibuni utaratibu wa kuepusha balaa hiyo. Swichi huteua mojawapo yazo kuwa mzizi, hubakisha njia fupi za kuufikia, na kuzifunga nyingine bila kuzikata. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa.

Utaratibu huo una mipaka. Mnamo Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess jijini Boston, uliokuwa umepanuka kupita kiasi, ulikwama kwa siku kadhaa. Madaktari wakalazimika kurudia kalamu na karatasi.

Kirchhoff hakuiona tarakilishi. Hata hivyo, fundi anayetaka kujua ni nyaya ngapi baina ya swichi zake zitakazofungwa angali anatumia hesabu ya 1847: chukua idadi ya nyaya, toa idadi ya swichi, kisha ongeza moja.