Gunpei Yokoi: Fundi wa Game Boy aliyekuwa na mizani yake

HUENDA jina la Gunpei Yokoi likawa geni masikioni mwa wengi, lakini kazi ya mikono yake ilishikwa na mamilioni ya watoto na watu wazima kote duniani. Mjapani huyu, aliyeaga dunia mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 56, ndiye aliyeongoza kikundi cha wahandisi kilichounda Game Boy, kifaa kidogo cha michezo ya video kilichotia fora kuliko vyote vilivyokuwa vikishindana nacho.

Maisha yake husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya uvumbuzi. Hata hivyo, yanaweza pia kutazamwa kama kesi ndefu iliyohusu swali moja: ubora wa mchezo hupimwa kwa kipimo gani? Wahakiki wa majarida walikuwa na mizani yao ya alama na tarakimu. Yokoi naye alikuwa na yake. Mara moja mizani hizo mbili zilikinzana, naye akashinda. Mara nyingine zilikubaliana, na siku hiyo zilimhukumu yeye.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941, jijini Kyoto. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, jijini humo humo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Wakati huo Nintendo haikujulikana kwa michezo ya video. Ilikuwa kampuni ya karata, iliyoanzishwa mwaka 1889, na kazi ya kijana huyo ilikuwa kukarabati mitambo ya kutengenezea karata hizo.

Kazi hiyo haikumchosha. Katika nafasi aliyoipata, alijiundia mkono wa bandia unaorefuka na kufupika, wenye uwezo wa kushika kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alikiona kichezeo hicho alipokuwa akizuru kiwanda. Badala ya kumkaripia kwa kupoteza wakati wa kazi, alimwagiza akigeuze kiwe bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1966 kiliingia madukani kwa jina Ultra Hand na kikauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo fundi wa mitambo akawa mbunifu wa vichezeo.

Mwaka 1969 alitoa kifaa kilichoitwa Love Tester. Watu wawili walishikana mikono, kila mmoja akashika kipande cha chuma kwa mkono uliobaki, na mshale ukaonyesha kwa tarakimu kiasi cha mapenzi yao. Kwa kweli kifaa hicho hakikupima mapenzi hata kidogo. Kilipima mkondo mdogo wa umeme uliopita katika miili yao. Ilikuwa mzaha, na wanunuzi wengi walijua hivyo. Hata hivyo, Yokoi alikuwa amejionea mapema jinsi tarakimu inavyoweza kuaminika hata pale inapopima jambo jingine kabisa.

Si kila wazo lake lilifaulu. Mwaka 1973 Nintendo iligeuza kumbi za mchezo wa boliboli ya kuangusha pini kuwa viwanja vya kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga, mradi ambao Yokoi alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Mwaka huo huo ukazuka mgogoro wa mafuta duniani, wateja wakafuta maagizo yao, na kampuni ikabaki na madeni mazito.

Wazo lililomjengea jina lilimjia akiwa safarini ndani ya treni. Alimwona mfanyakazi wa ofisi akijiliwaza kwa kubofyabofya vitufe vya kikokotoo. Yokoi alijiuliza kwa nini mtu kama huyo asipewe mchezo mdogo anaoweza kuuficha kiganjani. Siku moja, dereva wa rais alipokuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyeshika usukani, na njiani akamweleza Yamauchi wazo lake. Aprili 1980, mchezo wa kwanza wa Game & Watch ukatoka, ukitumia skrini na vijenzi vya aina ile ile iliyokuwa ndani ya vikokotoo. Hadi mfululizo huo ulipokoma, vifaa milioni 43.4 vilikuwa vimeuzwa.

Mwaka 1981 alimsimamia kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto katika kuunda Donkey Kong, mchezo uliomtambulisha duniani mhusika aliyekuja kuitwa Mario. Mwaka uliofuata, alipotaka kuutia mchezo huo ndani ya Game & Watch, alibuni kitufe chenye umbo la msalaba kinachomwezesha mchezaji kwenda juu, chini, kushoto na kulia kwa kidole gumba kimoja. Kitufe hicho kiliigwa kote, na umbo lake linaonekana hata leo kwenye vishikio vya mitambo ya michezo. Usione vyaelea, vimeundwa.

Imani iliyomwongoza ilikuwa nyepesi kueleza. Alishikilia kwamba mbunifu hana haja ya kukimbilia teknolojia mpya zaidi. Heri achukue teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, kisha aitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia. Thamani ya mchezo, kwake, ilitoka katika wazo na wala si katika nguvu za mtambo.

Imani hiyo ilikuwa inakaribia kupambana na mizani ya wahakiki. Mwaka 1986, jarida la Famitsu lilianzishwa nchini Japani na kuleta utaratibu uliokuja kuwa maarufu sana. Wahakiki wanne waliucheza mchezo mmoja, kila mmoja akaandika maoni mafupi na kutoa alama kati ya 10. Alama hizo zilijumlishwa zikawa kati ya 40. Nchini Marekani, jarida la Electronic Gaming Monthly nalo likawa na jopo la wahakiki wanne. Majarida mengine, hasa ya Uingereza, yaliigawa hukumu kwa mafungu: picha, sauti, uchezaji na muda ambao mchezo ungedumu kabla ya kuchosha, kisha yakatoa jumla kwa asilimia.

Utaratibu huo ulikuwa na faida yake. Michezo iliuzwa ghali, na mzazi au kijana aliyejinyima ili kununua mmoja alistahili kuonywa mapema asije akatupa fedha zake. Wahakiki wanne walipunguza uwezekano wa mtu mmoja kupotoshwa na mapenzi yake binafsi. Tatizo lilikuwa kwamba picha na sauti ni rahisi kulinganisha. Rangi nyingi huonekana kuwa bora kuliko chache. Lakini mhakiki huketi ofisini, karibu na umeme, akiwa na michezo mingi ya kumaliza kabla ya jarida kwenda mitamboni. Mtoto aliye kwenye kiti cha nyuma cha gari, mwenye mchezo mmoja tu, hana nafasi katika hesabu hiyo.

Game Boy ilizinduliwa nchini Japani Aprili 21, 1989. Kwa mizani ya picha ilikuwa duni. Skrini yake ilikuwa na vivuli vinne tu vya rangi moja, iliyoelekea kijani, na haikuwa na taa ya ndani. Vitu vilivyokwenda kasi viliacha ukungu nyuma yake. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa Lynx, na mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear. Vyote viwili vilikuwa na skrini za rangi zenye mwanga. Waandishi wengi wa majarida walilalamikia skrini ya Game Boy, na hawakusema uongo. Mtu aliyeviweka vifaa hivyo vitatu mezani na kuvitazama asingesita kusema kipi kilipendeza macho zaidi.

Yokoi alijua kwamba skrini ya rangi ingewezekana. Aliikataa kwa sababu ingekula betri na kupandisha bei. Game Boy ilitumia betri nne ndogo zilizodumu kwa saa nyingi, wakati Game Gear ilizimaliza sita kwa saa chache tu. Nchini Marekani, Game Boy iliuzwa kwa takriban dola 90, nusu ya bei ya Lynx. Isitoshe, ilistahimili kuangushwa. Kimoja kilichoungua wakati wa Vita vya Ghuba bado kilifanya kazi, na kwa miaka mingi kilionyeshwa katika duka la Nintendo jijini New York.

Mchezo uliouzwa pamoja nacho Marekani na Ulaya ulikuwa Tetris, uliobuniwa jijini Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Vipande vya umbo la matofali vinavyoshuka taratibu haviwezi kupata alama za juu kwa uzuri wa picha. Lakini mchezo huo haukuhitaji rangi, haukuhitaji maelezo, na ungeweza kuchezwa kwa dakika tano au kwa saa tano. Mwaka 1996, wakati Game Boy ilikuwa imeitwa kuukuu kwa muda mrefu, michezo ya Pokemon ilitokea Japani na kukifufua. Waya wa kuunganisha vifaa viwili, uliokuwepo tangu mwanzo, ndio uliowawezesha watoto kubadilishana viumbe vya mchezo huo. Kwa jumla, pamoja na toleo la rangi lililofuata mwaka 1998, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Ushindi huo ungeweza kumfanya mtu awadharau wahakiki daima. Kilichotokea mwaka 1995 kinaonyesha kwa nini lingekuwa kosa.

Julai mwaka huo, Nintendo ilizindua Virtual Boy, mtambo ulioongozwa na Yokoi ambao ulimwonyesha mchezaji picha zenye kina kupitia miwani mikubwa iliyosimamishwa mezani. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi, kwa kuwa taa nyekundu ndizo zilizokuwa rahisi na zisizotumia umeme mwingi. Wahakiki walilalamika kwamba macho yalichoka, vichwa viliuma na shingo ziliumia kwa kuinama. Mchezaji alijitenga na kila aliyekuwa naye chumbani.

Safari hii mizani ya wahakiki na ile ya Yokoi zilisema neno moja. Kifaa hicho hakikuweza kuchezwa ndani ya treni, wala familia haikuweza kukitazama pamoja. Swali lililozaa Game & Watch, la nani atacheza na wapi, halikuwa na jibu. Kampuni, iliyokuwa ikielekeza nguvu zake kwa Nintendo 64, ilikiondoa sokoni upesi. Ni michezo 22 tu iliyotolewa, na vifaa vilivyouzwa vilikadiriwa kuwa 770,000.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo. Wengi waliamini kwamba Virtual Boy ndiyo iliyomwondoa, ingawa mwenyewe alikana na kueleza kwamba alikuwa amekusudia tangu zamani kujitegemea. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshakamilisha Game Boy Pocket, toleo jembamba lenye skrini safi zaidi. Akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto, na kuanza kushirikiana na Bandai katika kuunda kifaa kipya cha mkononi.

Hakujaliwa kukiona kikiuzwa. Oktoba 4, 1997, gari alilokuwa amepanda liligongana na lori katika barabara kuu ya Hokuriku. Yokoi aliposhuka kukagua uharibifu, aligongwa na gari jingine na kufariki.

WonderSwan, kifaa alichokiacha njiani, kilitoka Machi 1999. Kilitumia betri moja tu na, kama ilivyotarajiwa, hakikuwa na rangi. Mmoja wa michezo yake ya kwanza uliitwa Gunpey kwa heshima yake. Mwaka 2003, chama cha kimataifa cha waundaji wa michezo kilimtunukia tuzo ya mchango wa maisha.

Tangu mwaka 2001, Metacritic imekuwa ikikusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya wastani mmoja kati ya 100. Wanunuzi huutumia, na kampuni huuogopa. Wastani huo unaweza kumwonya mnunuzi, kama ambavyo ungewaonya walionunua Virtual Boy. Usichoweza kueleza ni kama mchezo utamfaa abiria aliyechoka mwenye nusu saa kabla ya kufika kwake. Abiria huyo ndiye ambaye Yokoi alimtazama kabla ya kuunda chochote, na siku alipomsahau, alianguka.