Baba Allauddin Khan, Guru wa Maihar

Mji wa Maihar, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, unajulikana na Wahindu kwa kilima cha Trikut na hekalu la Mama Sharda lililoko kileleni, ambalo waumini hulifikia kwa kupanda ngazi zaidi ya elfu moja. Sharda ni jina jingine la Saraswati, mlinzi wa elimu na muziki, ambaye katika picha zake huonekana amepakata vina. Katika mji huo aliishi kwa zaidi ya nusu karne Mwislamu mmoja aliyeshika swala zake na papo hapo akamheshimu Mama Sharda kama mzazi wake. Jina lake ni Allauddin Khan. Wanafunzi wake walimwita Baba, neno ambalo kwetu halihitaji tafsiri.

Alizaliwa katika kijiji cha Shibpur, Bengal ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Alitoroka nyumbani angali mtoto kwa sababu ya muziki, akafika Kolkata, akalala popote alipopata pa kujihifadhi. Huko alijifunza kuimba kwa mwalimu wa Kihindu aliyeitwa Gopal, na mwalimu huyo alipofariki, aliacha uimbaji akageukia ala. Alipiga fidla, akapuliza klarineti, akajifunza na ngoma. Kisha akaisikia sarodi, na tangu siku hiyo hakutulia.

Kwa ndugu zetu majirani ambao hawajaiona, sarodi ni jamaa wa udi tunaoufahamu katika taarabu. Haina vizuizi shingoni. Vidole vya mkono mmoja huteleza juu ya bamba la chuma, na mkono wa pili hugonga nyuzi kwa kipande kilichochongwa kutokana na kifuu cha nazi. Allauddin aliipiga kwa mkono wa kushoto.

Elimu aliyoitafuta ilikuwa mikononi mwa Wazir Khan, mwanamuziki mkuu wa nawabu wa Rampur, aliyetoka katika ukoo uliojihesabu kuwa uzao wa Tansen. Katika koo za namna hiyo muziki ulikuwa urithi wa damu, nao haukugawiwa ovyo kwa wapitanjia. Inasimuliwa kwamba Allauddin, akiwa amezuiliwa mlangoni mara nyingi, alijitupa mbele ya gari la nawabu ili asikilizwe. Alipokelewa, lakini kupokelewa hakukuwa kufundishwa. Alihudumu kwa muda mrefu katika nyumba ya mwalimu na kuambulia machache mno.

Kilichofungua mlango hatimaye kilikuwa msiba wa mtu mwingine. Huko Bengal Allauddin alikuwa ameacha mke, aliyeozwa kwake wote wawili wakiwa wadogo, na ambaye alikaa miaka akimngoja mume asiyerudi. Habari zilipofika Rampur kwamba mwanamke huyo, kwa kukata tamaa, alikuwa amejaribu kujiua, Wazir Khan alishtuka na kuona haya kwa jinsi alivyompuuza mwanafunzi wake. Tangu hapo alimfundisha kwa moyo. Wanaoandika maisha ya Baba hulipita jambo hili haraka. Naona halistahili kupitwa, kwani gharama ya elimu ile hakuilipa peke yake.

Mnamo mwaka 1918 hivi, Maharaja Brijnath Singh wa Maihar alimchukua awe mwalimu na mwanamuziki wake. Maradhi yalikuwa yameacha yatima wengi mjini. Baba akawakusanya, akawafundisha ala, akaunda bendi ambayo ingaliko hadi leo. Kwa bendi hiyo alibuni ala iliyotengenezwa kwa mitutu ya bunduki, igongwayo kwa vijiti.

Hata hivyo, shule yake ya kweli ilikuwa nyumba yake. Wanafunzi walikuja, wakapewa mahali pa kulala na chakula, na hawakudaiwa ada, kwa kuwa Baba aliiona elimu kuwa sadaka. Mchango wao ulikuwa mazoezi, kuanzia kabla ya alfajiri hadi usiku. Mchana alikuwa mkarimu kupita kiasi. Ala iliposhikwa alikuwa mkali wa kutisha. Mwanawe, Ali Akbar, alichapwa, akafungwa kwenye mti, na wakati mmoja akatoroka. Hatuna sababu ya kuusifu ukali huo. Alikuwa akiwarudia watoto yale aliyotendewa yeye, ingawa hakuwanyima hata raga moja aliyoijua, na hapo ndipo alipoachana na desturi ya walimu wake.

Mwaka 1935 alisafiri Ulaya pamoja na kundi la mchezaji Uday Shankar. Bandarini Bombay, mama yake Uday alimkabidhi kwake mwanawe mdogo, Ravi, amtunze. Mama huyo hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1938 kijana Ravi Shankar, aliyezoea hoteli na nguo za Paris, alifika Maihar amenyoa nywele, akakaa miaka kadhaa akijifunza sitari. Siku moja Baba alimkemea, naye akafunga mizigo yake aondoke. Mzee akamwendea, akamtuliza, na hakumpiga kamwe, kwa kuwa alikumbuka ahadi ya bandarini.

Kuna mwanafunzi mmoja ambaye Baba hakukusudia kumfundisha. Binti yake mkubwa, Jahanara, aliolewa katika nyumba ambamo muziki wake ulichukiwa, akateseka. Kwa uchungu huo Baba aliamua binti mdogo asiguse ala. Siku moja alitoka, akamwacha Ali Akbar akirudia somo. Aliporudi alimkuta binti akimsahihisha kaka yake, akiimba kifungu kizima bila kosa, kumbe alikuwa akisikiliza kila siku huku akicheza. Binti alitetemeka akingoja kipigo. Baba alimwita ndani, akampa tanpura, akaanza kumfundisha siku ileile. Baadaye alimpa surbahari, ala nzito yenye sauti ya chini, akimwonya kwamba ingewapendeza wajuzi wachache tu na wengi wangeidharau. Huyo ndiye Annapurna Devi, aliyepewa jina hilo na Maharaja mwenyewe.

Baba alifariki tarehe 6 Septemba 1972, akiwa amepewa tuzo ya Padma Vibhushan mwaka uliotangulia. Nyumba yake ya Maihar inaitwa Madina Bhavan, kwa jina la mke wake, yule aliyengoja Bengal.

Ali Akbar Khan alifungua chuo chake California mwaka 1967. Annapurna aliacha kupiga hadharani mapema. Katika nyumba yake Mumbai alifundisha bila ada, mlango umefungwa, naye Nikhil Banerjee wa sitari na Hariprasad Chaurasia wa filimbi wakawa miongoni mwa waliokaa mbele yake. Mara nyingi aliwafundisha kwa kuwaimbia, jinsi alivyokuwa akimwimbia kaka yake. Aliendelea hivyo katika uzee wake, hadi alipofariki mwaka 2018.