Kapteni Owen, Mpimaji wa Vilindi

Sisi wa Nyeri tumezoea kutazama juu. Mlima Kenya uko pale, mita 5,199, na kila mwanafunzi wa Jiografia amechora kontua mpaka akachoka. Leo naomba tutazame chini, tena chini ya bahari, kupitia maisha ya Kapteni William Fitzwilliam Owen.

Owen alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1774. Alifiwa na babake akiwa na miaka minne tu, na angali mvulana akaingia jeshi la majini. Mwaka 1808 Wafaransa walimteka, wakamzuilia kisiwani Mauritius hadi 1810. Baadaye alipelekwa Kanada kupima maziwa makubwa ya huko.

Mwaka 1822 akatumwa na merikebu mbili, Leven na Barracouta, kuja kupima pwani za Afrika. Je, kina kilipimwaje siku hizo? Baharia alitosa bildi, yaani kipande kizito cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama. Chini ya risasi walipaka mafuta mazito ili yanase mchanga au tope, wajue sakafu ya bahari ikoje. Kisha walihesabu pima. Pima moja ni kama mita 1.8, yaani upana wa mikono ya mtu mzima akiinyoosha.

Lakini namba moja peke yake haisaidii. Huyu amepima akiwa merikebuni, yule mashuani. Huyu maji yakiwa yamejaa, yule yakiwa yamekupwa. Pale Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3! Ukizichanganya namba hivihivi tu, nahodha atakayeiamini ramani yako atapanda mwamba. Basi kila kipimo kiliandikwa pamoja na saa yake na mahali pake, halafu vyote vikarekebishwa kana kwamba vilichukuliwa maji yakiwa yamekupwa. Ndipo vikaingia katika ramani moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba hicho kilijazwa kwa roho za watu. Zaidi ya nusu ya walioanza safari walikufa, wengi wao kwa homa. Kijana mmoja, Luteni Reitz, aliachwa Mombasa mwaka 1824 kuisimamia, na mwaka huohuo akafa. Jina lake ndilo hilo la Port Reitz.

Kwa nini aliachwa? Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walimwogopa Sayyid Said wa Omani, wakaomba bendera ya Uingereza. Owen alikubali kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome. Serikali yake ilikataa mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Nionavyo mimi, hapo ndipo alipoumia zaidi, maana utumwa aliuchukia kweli.

Hata hivyo, tusimpe Owen sifa zote. Kilindi ni maji ya kina kirefu, na jina Kilindini ni la wenyeji wenyewe. Mabaharia wa pwani walizijua njia zao. Owen alichofanya ni kuviweka vipimo kwenye karatasi, hata mgeni asiyewahi kufika aweze kuvisoma.

Alifariki Kanada mwaka 1857, lakini kazi haikufa. Mwaka 1903 Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco alianzisha ramani ya sakafu ya bahari zote, iliyounganisha vipimo vya mataifa mengi. Siku hizi meli hupima kwa mwangwi wa sauti, lakini kufikia mwaka 2025 ni kama robo tu ya sakafu hiyo iliyokuwa imepimwa hivyo.

Kwa hivyo wenzangu, msidhani kazi imekwisha eti kwa sababu sisi ni watu wa mlimani. Kahawa ya Nyeri hupitia Kilindini kwenda ng'ambo, na meli inayoibeba huhitaji kujua kina. Robo tatu zilizobaki zinangoja wapimaji. Mbona mmoja wao asitoke kwetu?