MAISHA YA WATU WAKUBWA: EDWARD JENNER

Muangalie mukono wa wazee wetu, pale juu karibu na bega. Wengi waliozaliwa mbele ya mwaka 1970 wako na kovu la chanjo ya ndui. Kovu lile lina historia yake, nayo inaanzia mbali, katika muji mudogo wa Uingereza.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 kule Berkeley. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alikufa Edward akiwa na miaka mitano tu. Siku zile ndui ilipita kama moto wa nyasi. Kwa watu kumi walioshikwa nayo, karibu watatu walikufa. Waliopona walibaki na uso wa mashimo-mashimo, wengine walipofuka macho.

Dawa hakukuwa. Lakini watu walijua jambo moja: aliyepona ndui hashikwi mara ya pili. Kwa hiyo kule India, Uturuki na hata sehemu za Afrika, walitwaa usaha kidogo wa mugonjwa na kuutia katika ngozi ya mutu muzima, apate ndui nyepesi. Waingereza nao walijifunza njia ile. Ilikuwa ya hatari, sababu wengine walikufa, na wengine waliambukiza jirani zao. Jenner mwenyewe alifanyiwa hivyo akiwa na miaka minane. Walimupunguzia chakula, wakamutoa damu, wakamufungia katika zizi pamoja na watoto wengine. Alipona, lakini mateso yale hakuyasahau.

Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa munganga wa upasuaji. Mwaka 1770 akaenda London kwa John Hunter, mwalimu aliyetaka wanafunzi wake wajaribu mambo kwa mikono, si kuyawaza tu kichwani. Kisha akarudi kwao kutunza wagonjwa.

Wakulima wa pale walikuwa wakisema kwamba wasichana wanaokamua ng'ombe hawashikwi na ndui. Hao walipata ugonjwa mudogo tu, ndui ya ng'ombe: malengelenge mikononi, homa kidogo, basi. Mukulima mumoja, Benjamin Jesty, alikuwa amekwisha kuchanja bibi yake na watoto wake kwa ndui ya ng'ombe mwaka 1774. Jenner hakudharau maneno ya watu wadogo. Aliyachunguza miaka mingi, halafu akayajaribu.

Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya lengelenge kwenye mukono wa Sarah Nelmes, musichana mukamuaji, akayatia katika mikwaruzo miwili kwenye mukono wa James Phipps, mutoto wa mufanyakazi wa bustani. James alikuwa na miaka minane. Alipata homa kidogo, akapona. Mwezi wa saba Jenner akamutia usaha wa ndui yenyewe. Ndui haikumushika. Leo munganga hana ruhusa ya kujaribu mutoto hivyo, na ni haki. Kama Jenner angalikosea, James angaliweza kufa.

Kitu gani kilitokea ndani ya mwili wa James? Jenner hakujua, virusi bado havikujulikana. Sisi tunasoma katika biolojia kwamba chembe nyeupe za damu ni askari. Zikikutana na adui mugeni, zinachukua siku nyingi kumujua na kutengeneza antikori za kumupiga. Kisha chembe zingine zinabaki na kumbukumbu ya sura yake. Virusi vya ndui ya ng'ombe na vya ndui ya watu ni ndugu. Sura zao zinafanana. Mwili wa James ulijifunza kwa ndugu muzaifu, ukamushinda yule mukali.

Wakubwa wa sayansi kule London walikataa maandishi yake ya kwanza. Mwaka 1798 akachapisha kitabu kwa feza yake mwenyewe. Watu walimuchekelea, wengine wakachora picha za watu wanaoota vichwa vya ng'ombe! Lakini chanjo ilienea mataifa mengi. Jenner hakuifanya siri ya kujitajirisha. Maskini aliwachanja bure katika kibanda cha bustani yake. James alimupa nyumba ya kukaa bila kulipa. Jenner alikufa tarehe 26 Januari 1823. Kwa Kilatini ng'ombe ni vacca. Ndiyo maana Wafaransa wanasema vaccin.

Katika inchi yetu ndui ilionekana mara ya mwisho mwaka 1971, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba imekwisha katika dunia yote. Kuchanja ndui kukaachwa. Lakini ndui ina ndugu mwingine, mpox, ambaye mutu wa kwanza kujulikana kuugua alikuwa mutoto wa Basankusu, mwaka 1970. Chanjo ya zamani ilikinga na huyo pia. Vijana waliozaliwa nyuma hawakuipata, na mpox ikapata njia. Mwaka 2024 ilisumbua sana Kivu na mahali pengine, na mwaka uleule wakaanza kuchanja watu kwa njia ya Jenner: virusi ndugu, vilivyolegezwa.

Kinga ya chanjo ni kama kusoma. Baba akijua kusoma, mutoto hazaliwi na kitabu kichwani. Naye lazima afundishwe. Kovu la babu lilikinga babu. Halikingi mujukuu.